Tofali Lenye Rangi ya Buluu

Nianze kwa kusema mimi si mtu wa ugomvi. Waulizeni wateja wangu. Mtu ananiletea kitambaa leo anataka gauni kesho, nampa keshokutwa, ananuna kidogo, namtia maneno matamu, tunacheka, yamekwisha. Lakini Mwalimu Rivasi! Yule mzee alinikalia kooni wiki sita nzima, mpaka nikawa nagombana naye peke yangu huku nashona, na wateja wakaanza kuulizana barazani kama fundi ana homa.

Jina lake halisi analijua yeye na waliomzaa. Mtaa mzima tunamwita Mwalimu Rivasi, kwa sababu kwa miaka thelathini na nane alifundisha udereva, na kama kuna kitu alichokuwa mkali nacho ni kurudi nyuma. Kwenda mbele, alikuwa anasema, hata ng'ombe anaweza. Alikuwa na gari la shule lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na sauti yake ilisikika kutoka uwanjani mpaka sokoni: "Kioo! Bega! Nyuma!" Hata mimi alinifundisha. Siku ya tatu niliangusha vile vikopo vyote saba alivyovipanga uwanjani kuonyesha njia ya kurudi nyuma, akaniambia mbele ya wenzangu kwamba mikono yangu imeumbwa kwa sindano, usukani niwaachie wengine. Alisema kweli, lakini kuna ukweli mwingine mtu unaweza kuambiwa kando.

Akastaafu, mkewe akafariki, watoto wake wakatawanyika wakabaki sauti za Jumapili kwenye simu. Kilichobaki ni kofia yake ya kazi na pikapu moja ya buluu, kuukuu, aliyokuwa akiiosha kila asubuhi kama mtoto anayepelekwa shule. Akienda dukani kununua mkate, na duka liko pale nyumba ya sita, anakwenda na pikapu.

Sasa mimi na yeye tumepakana. Kati ya ua wangu na wake kuna ukuta mmoja wa matofali. Unaanzia kwenye pembe ya jiko langu, unakwenda moja kwa moja, unaishia chooni nyuma kabisa ya ua. Upande wangu kuna bomba la maji na kamba za kuanikia nguo. Upande wake anaegesha ile pikapu.

Na mama yangu haoni. Hapo ndipo penye shida yote, na ukishalielewa hilo utaelewa kwa nini nilitamani kumng'ata mtu. Ni mwaka wa nne huu. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba tumemfikisha tumechelewa. Mama ndiye aliyekuwa fundi kabla yangu, cherehani ninayoikanyaga ni yake, mkasi ni wake, hata baadhi ya wateja ni wake. Macho yalipokwisha hakulia mbele yangu. Alijifunza nyumba upya kwa vidole, sukari iko wapi, chumvi iko wapi, kisu kinalala upande gani. Ila kitu kimoja alikikataa katakata, nacho ni kushikwa mkono kwenda chooni.

"Nimekuzaa, nimekutawaza," aliniambia. "Hutaanza wewe kunitawaza mimi."

Basi akawa anatumia ukuta. Anatoka mlango wa jiko, anaweka mkono wa kushoto kwenye ukuta, hatua kumi na tisa, amefika. Akirudi, mkono wa kulia, hatua kumi na tisa, yuko kwenye kigoda chake. Mchana na usiku, mvua na jua, haombi mtu. Zile hatua kumi na tisa ndizo zilizomfanya mama yangu abaki kuwa mama yangu.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa barazani nakata suruali za sare, nikasikia kishindo. Puu! Vumbi likapanda juu ya paa. Nilikimbia na mkasi mkononi. Ukuta ulikuwa umefunguka katikati, matofali yamemwagika upande wangu, na shuka nilizotoka kuzianika ziko chini ya kifusi. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, anauliza nini, nini, nini. Robo saa tu kabla ya hapo alikuwa amepita pale pale.

Upande wa pili pikapu ilikuwa inanguruma, imesogea mbele kama hatua tano hivi. Mwalimu alikuwa ameshuka, mkono mmoja juu ya boneti, kofia kichwani.

Mimi nimelelewa, kwa hiyo nilimwamkia kwanza. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

"Umebomoa ukuta!"

"Nani? Mimi?" Akajiweka sawa kama yuko mbele ya darasa. "Ukuta umeanguka wenyewe. Bomba lako linavuja miaka yote hii, maji yamekula msingi. Mimi nilikuwa naondoka zangu."

"Mwalimu, umerudi nyuma ukaugonga."

"Binti," akasema, taratibu, kila neno peke yake, "nimefundisha watu wa mji huu kurudi nyuma. Mabosi, mapadri, madereva wa mabasi, wote. Halafu mimi nigonge ukuta uliosimama hapo miaka ishirini?"

Akapanda gari, akazima, akaingia ndani akafunga mlango. Nilibaki nimesimama na mkasi kama kichaa.

Nilichukua futi yangu ya kushonea nikapima pengo. Futi nane na nusu. Nikamwita mwashi siku hiyo hiyo, kijana mwenye kazi nzuri na maneno machache, akasema siku nne anamaliza. Nikasema anza kesho, ugomvi nitaumalizia baadaye, mimi ninachotaka ni mama apite. Kesho yake mwashi hajaweka hata ndoo chini, Mwalimu huyo, kashika karatasi. Alikuwa amekwenda ofisi ya mtaa. Kanishtaki! Yaani yeye ndiye kanishtaki mimi! Na karatasi ilisema matofali yasiguswe hata moja mpaka shauri lisikilizwe na ijulikane ukuta umeangushwa na nini.

"Yakiondolewa, watu watasema ni mimi," Mwalimu akamwambia mwashi. "Nataka ukweli ujulikane."

Mwashi akaniangalia, akabeba ndoo yake, akaondoka. Kijana wa watu hataki kesi.

Nikaenda ofisi ya mtaa. Pale kuna msuluhishi, mwanamke mpole mwenye faili la kijani na mwavuli, na kila ukimwambia jambo anakwambia "Nimekusikia" kisha hafanyi kitu. Nikamweleza habari ya mama, hatua kumi na tisa, pengo, yote. "Nimekusikia," akasema. Akaandika. Akatupangia Jumamosi. Jumamosi ikafika, Mwalimu akatuma neno kwamba mgongo unamuuma. Jumamosi ya pili, msuluhishi ana harusi. Jumamosi ya tatu, mvua. Ya nne, tukafika mimi na mwavuli wangu na hasira zangu, faili halionekani.

Na mama? Siku ya kwanza nilifunga kamba ya kuanikia kutoka upande huu wa pengo mpaka ule, nikaikaza vizuri, nikasema shika hii, mama. Akashika. Hatua ya tatu kamba ikalegea, yeye akaifuata ilikolegea, akajikuta katikati ya ua hajui jiko liko wapi wala choo kiko wapi. Akasimama pale anageuza kichwa. Nilipomkimbilia akaitupa kamba chini.

"Mimi si mbuzi," akasema.

Basi ikabidi nimpeleke. Anaita "Fundi!" maana hata yeye siku hizi ananiita hivyo kama wateja, naacha cherehani, namshika mkono, tunakwenda, nasubiri nje ya mlango nimegeuka upande, tunarudi. Ananyoosha shingo kama anapelekwa kituo cha polisi. Siku ya pili aliita mara nne, siku ya tatu mara tatu. Baada ya wiki nikaona haniiti kabisa ila asubuhi na jioni, nikafurahi, mpumbavu mimi, nikadhani amezoea.

Hakuzoea. Alikuwa ameacha kunywa maji. Chai nikimwekea, anaimimina kwenye sinki nikigeuka. Maji ya kunywa, anasema ameshayanywa. Nilikuja kugundua alipoinuka kwenye kigoda akayumba akashika meza, midomo imekauka inachanika. Nilimpeleka zahanati, muuguzi akamvuta ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Akasema huyu mama ana kiu ya siku nyingi, na figo za umri huu hazichezewi.

"Mama, unataka kujiua?" Nilifoka njia nzima. "Kunywa maji! Nikikuomba jambo dogo kama hilo kweli linakushinda?"

"Nipe ukuta wangu, nitakunywa."

"Nikuchukulie wapi ukuta? Yule mzee—"

"Basi usinipigie kelele mimi."

Kila jioni nikawa namsimamia na kikombe kama askari, anakunywa nusu, nusu anakataa. Nikawa siwezi kushona mstari ulionyooka. Nikisikia tu pikapu ya jirani inawashwa, mguu wangu unakanyaga cherehani mpaka uzi unakatika.

Wiki ya tano ikaja barua ya pili kutoka ofisini. Mashtaka mapya! Eti Mwalimu analalamika kwamba msichana wangu wa kazi hana adabu, anamsalimu kila asubuhi akipita mbele ya baraza langu, na msichana anamtazama tu, hajibu. Nilisoma mara mbili. Mimi sina msichana wa kazi. Nikatoka nje nikaangalia baraza langu, na hapo nikaelewa. Ana maana ya sanamu langu la nguo! Lile la kuvalisha magauni, lisilo na hata kichwa kamili, lina kifundo tu cha mbao juu ya shingo!

Nilijua ananidhihaki. Nilivuka mpaka getini kwake, nikapiga geti kwa kiganja.

"Shikamoo Mwalimu! Yule si msichana! Yule ni sanamu! La mbao!"

Sauti yake ikatoka nyuma ya mlango, chini kidogo kuliko nilivyoizoea: "Basi litoe barabarani. Linachanganya watu."

Linachanganya watu! Hebu niambieni, mtu kama huyo unamfanyaje?

Jumamosi ya sita ndipo shauri likasikilizwa. Saa nne asubuhi msuluhishi akaja na faili lake, mwashi akaitwa awe shahidi wa ufundi, na mimi nilikuwa nimeamka alfajiri najipanga maneno. Mama akabeba kigoda chake akakaa mlangoni pa jiko. Nilimwambia apumzike ndani, akasema ukuta ni wake kuliko wa mtu yeyote pale, atakaa. Mwalimu alisimama upande wake wa pengo, amevaa shati la kola na kofia yake, mikono nyuma.

Msuluhishi akamsomea madai yake, akanisomea yangu. Kisha akamwambia mwashi atazame.

Mwashi alianza na mimi, nami sikulitarajia hilo. Alichokonoa mstari wa chini wa matofali kwa ncha ya mwiko, ukamong'onyoka kama mkate uliolowa. "Fundi, bomba lako kweli linavuja," akasema. "Huku chini pameoza. Usijikoshe." Nikahisi masikio yananiwaka. Nilikuwa najua linavuja. Nilikuwa nimelifunga kitambaa mwaka juzi nikasema nitaita mtu.

"Mmeona?" Mwalimu akasema. "Nilisema nini?"

"Lakini ukuta ulioozea chini huanguka kwa kuinama," mwashi akaendelea. "Huu umesukumwa hapa kati. Ngoja." Akainama, akapekua kifusi, akageuza tofali moja baada ya jingine, mwishowe akatoka na moja. Akalipuliza vumbi. Upande mmoja lilikuwa na mchirizi wa rangi ya buluu, mpana kama dole gumba. Hiyo ndiyo ile buluu ya pikapu, nani asiyeijua? Niliruka kwa furaha, nasema kweli, niliruka.

Msuluhishi akalichukua tofali akaliinua. "Mwalimu, unaiona rangi hii?"

"Sioni."

"Hii hapa. Ya buluu."

"Nimesema sioni."

Msuluhishi akavuka kifusi mpaka kwake, akamwekea tofali mbele ya kofia. "Hii, Mwalimu. Hapa ninapogusa kwa kidole."

"Wewe mama, nikwambie mara ngapi? Sioni!"

Damu ikanichemka. Wiki sita zote zikanipanda kichwani kwa pamoja. "Mmemsikia?" nikapiga kelele. "Mmeisikia jeuri ya huyu mzee? Hata mtoto wa jana anaiona! Unawekewa mbele ya pua unasema huoni! Mama yangu anakufa na kiu kwa ajili ya ubishi wako, mtu mzima ovyo, huna haya—"

"Mwache," mama akasema kutoka kwenye kigoda.

"Mama, usiingilie, mimi leo—"

"Nimesema mwache. Mmemwuliza mara tatu, amewajibu mara tatu. Amesema haoni."

Nilifungua mdomo kumwambia ndiyo, amesema haoni, na hiyo ndiyo jeuri yenyewe ninayoisema. Msuluhishi bado alikuwa amelishika tofali juu. Nikamtazama Mwalimu usoni, vizuri, kwa mara ya kwanza tangu ukuta uanguke, nikaona kwamba hatazami tofali. Anatazama mahali sauti ya msuluhishi ilipotokea, pembeni kidogo.

Mwashi akavua kofia yake, sijui kwa nini.

"Mwalimu," mama akaita, kwa upole kama anaita mtu aliyelala. "Njoo ukae."

Akaja. Na kuja kwake ndiko kulikotumaliza. Alitanguliza mguu mmoja, akapapasa tofali kwa soli ya kiatu, akaweka uzito, akatanguliza wa pili. Mtu aliyekuwa akifoka "bega, nyuma" uwanja mzima. Mwashi akamshika kiwiko, naye akamwacha amshike. Nikaleta kiti.

"Kwangu ilianzia pembeni," mama akamwambia. "Kwako je?"

"Pembeni," akasema. "Naona kama ninachungulia ndani ya bomba. Na ndani ya bomba napo pameanza moshi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Nani anajua?"

Akafikiri. "Sasa hivi? Nyinyi."

Kisha akasema yote, bila kuulizwa, uso ameuelekeza kwenye magoti yake. Alikuwa akirudi nyuma kwa kuhesabu. Anajua pikapu ina urefu gani, anajua ua wake una hatua ngapi, anahesabu kwa sauti na kukanyaga breki. Asubuhi ile mlio wa simu ulimkatiza hesabu. Alidhani ana nafasi ya mita mbili. Akasikia kishindo, akapeleka gari mbele, akashuka, akashika boneti asianguke. "Ningesema nini?" akauliza. "Niseme Mwalimu Rivasi amerudi nyuma akagonga ukuta? Wangeuliza kwa nini. Nikisema kwa nini, wangechukua funguo. Wakichukua funguo, mimi nabaki na nini mle ndani?"

Nilikuwa na hotuba nzima niliyoiandaa tangu alfajiri. Ilipotelea wapi sijui. Nilimwonea huruma, na nilikasirika kwamba namwonea huruma, kwa sababu wiki sita ni wiki sita na midomo ya mama bado ilikuwa na vidonda.

"Ungesema tu, Mwalimu," nikamwambia. "Wallahi ungesema tu. Mama angekuwa na ukuta wake siku ya tano."

"Najua," akasema. "Nisamehe. Na wewe, Mama Fundi, nisamehe sana. Sikujua kwamba huu ukuta ni njia."

Msuluhishi, nampa haki yake, siku hiyo aliandika haraka. Kosa la pande mbili: bomba la huyu, pikapu ya yule. Mwashi aanze leo, jirani wa kushoto, yaani Mwalimu, alete matofali na jirani wa kulia, yaani mimi, alete saruji na kuziba bomba. Sote tukatia sahihi. Mwalimu aliwekewa kidole mahali pa kusaini, akaandika jina lake refu zuri, likapanda mlima na kuvuka mstari.

Jumatatu mama aliniambia, "Utampeleka kwa daktari wa macho." Hakusema "unaonaje", alisema utampeleka. Nikapeleka. Na mama akaja naye, hakutaka kubaki. Tulikodi gari, na yule mzee, haoni hata nguzo ya taa, njia nzima anamsahihisha dereva. "Umebadilisha gia umechelewa. Sikiliza injini. Hukuangalia kioo wewe, sikukusikia ukigeuka." Dereva wa watu akatokwa jasho. Nilitaka kushuka nitembee.

Daktari alimpima muda mrefu. Akasema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, dawa ya matone asubuhi na jioni maisha yake yote, na kuendesha gari ndiyo basi. "Umewahi, mzee," akasema. "Ungengoja mwaka mmoja zaidi, usingekuwa na cha kulinda." Mwalimu akaomba kofia yake, akaivaa, akaivua, akaivaa tena. Mama alikuwa ameketi karibu naye kwenye benchi na alisikia kila neno. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

Ukuta ulichukua siku nne, kama mwashi alivyosema. Mama alimwagiza kitu kimoja tu, kwamba upande wetu, usawa wa mkono wake, plasta iwe laini kama meza, na akamsimamisha mwashi ukutani akamwonyesha usawa wenyewe kwa kiganja. Mwalimu alishinda uani kwake siku zote nne akimfundisha mwashi kazi ya uashi, ambayo haijui. Pikapu ikanunuliwa na mtu wa mbali. Siku ilipochukuliwa, aliyekuja kuichukua alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, akaitoa getini kwa rivasi moja safi, na Mwalimu amesimama barabarani ameinamisha kichwa, anasikiliza. "Umekata usukani mapema," akamwambia. Lakini alikuwa anatabasamu.

Plasta ilipokauka, mama akatoka mlangoni mwa jiko, akaweka mkono wa kushoto. Nilijifanya naanua nguo. Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Mlango wa choo ukafungwa kwa komeo kwa ndani. Jioni ile alikunywa vikombe vitatu vya chai na kuniambia sukari haitoshi.

Ndipo nikamwuliza. Tulikuwa wawili tu chumba cha mbele, mimi napinda gauni, yeye ananichambulia vifungo kwa vidole, vikubwa kopo hili, vidogo kopo lile.

"Mama, ulijuaje? Sote tulikuwa pale, tulimsikia anasema sioni, tukaona ubishi mtupu. Wewe ulijuaje?"

"Kwa sababu mimi nilisema hivyo hivyo."

"Ulimwambia nani?"

Akatia kifungo ndani ya kopo. "Wewe."

Nikasimamisha cherehani.

"Ule mwaka wa sare za wauguzi," akasema. "Ulikuwa na mashati mia na zaidi, mimi nakutilia vifungo. Ukaja na shati moja, ukaniuliza, mama, tundu liko huku, mbona kifungo umekiweka kule? Nikakwambia, sioni. Ukasema, fungua macho basi, tuna kazi. Ukakikata ukakishona mwenyewe. Mara ya pili ni pini ilianguka, ukaniambia niiokote. Nikakwambia, sioni. Ukasema, iko hapo hapo mguuni pako, mama, unataka ikuchome ndiyo uione? Mara ya tatu sikusema tena."

"Kwa nini hukusema wazi?" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kwa nini hukuniambia macho yanakufa?"

"Nilisema wazi. Kuna kusema gani kwingine?"

Nilikumbuka lile shati. Nilikumbuka na jinsi nilivyolinyakua mikononi mwake. Nilikuwa nimeshika pindo la gauni la watu, na sikuweza kulipeleka mbele wala kulirudisha.

"Sikulaumu," mama akasema, vidole vyake vinaendelea na vifungo. "Ulikuwa na kazi nyingi."

Zile sare za wauguzi nilizimaliza siku mbili kabla ya siku niliyoahidi, na siku hizo mbili sikumpeleka mama popote.